Namba za Nzembi na Gunia Lililolowa

Kwa miaka kumi na tisa Selpher ameandika katika daftari la maabara kila kitu kilichovunjika, kilichoungua na kilichoazimwa kisirudishwe. Ameandika fyuzi, chupa, bisibisi ya nyota, hata ule ufagio uliochukuliwa na watu wa ghorofa ya tatu wakajifanya ni wao. Kitu kimoja tu hakukiandika, nacho ni gunia. Kwa sababu ya gunia hilo msichana mmoja aliikosa shahada yake ya uzamili, na Selpher, ambaye angeweza kumwokoa kwa sentensi moja, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

Maabara yenyewe iko ghorofa ya chini katika chuo kimoja cha uhandisi, mwendo mfupi kutoka Moi Avenue. Katikati ya chumba limesimama bomba la plastiki angavu, nene kama paja la mtu mzima, refu hata ikabidi dari itobolewe ili lipite kwenda ghorofa ya juu. Chini yake kuna mchanga laini uliochekechwa mara tatu. Bloa, feni kubwa ya kusukuma hewa, ikiwashwa, hewa huingia kwa chini na kuubeba mchanga juu. Ukifika kileleni, hutenganishwa na hewa katika chombo chenye umbo la faneli, kisha huteremka kwa bomba jembamba la pembeni na kurudi ulikoanzia. Mchanga huo huo huzunguka siku nzima. Wanafunzi huiita mashine hiyo Raiza na kuizungumzia kama mtu. Raiza imeamka? Raiza leo inakohoa.

Mgeni akiitazama mara ya kwanza huona jambo moja tu, kwamba mchanga unapanda. Selpher naye aliona hivyo mwaka wake wa kwanza. Lakini kazi ya fundi wa maabara ni kufuta, na anayefuta hukaribia. Siku moja, pua yake ikiwa karibu kugusa plastiki, aliona chembe zilizokuwa mbele ya macho yake zinateremka. Zilishuka taratibu zikiambatana na ukuta wa bomba, zimeshikana vishada vishada, huku nyuma yake, katikati ya bomba, nyingine zikipita kwenda juu kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuishika. Mara kishada kilipasuka, chembe zake zikanyakuliwa na upepo wa katikati na kupaa. Kingine kikajikusanya mahali pake. Chini kabisa mchanga ulikuwa mzito kama uji unaochemka. Juu ulikuwa haba, kama vumbi katika mwale wa jua unaopenya dirishani. Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyajua kwa kufuta, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, aliyaweka moyoni.

Shida ya Raiza ilikuwa Januari. Mvua za vuli zikiisha, hewa ya Nairobi hukauka hadi sweta ukiivua inatatarika na nywele zinakifuata kitana. Umeme ule ule mdogo wa msuguano uliingia ndani ya bomba. Mchanga uliokuwa umesuguana na plastiki tangu asubuhi uliganda ukutani, tabaka nene ambalo halikupanda wala kushuka, na vipimo vyote vikaharibika. Wahadhiri walizoea kuahirisha mazoezi mpaka mvua za Aprili.

Mume wake, Zedekiah, ni mtunza bustani katika nyumba moja ya Lavington, na ndiye aliyemwambia, bila kujua alikuwa anasema nini, kwamba wakati wa kiangazi yeye huifunika miche kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa ili hewa inayoifikia iwe na unyevu. Selpher alimwomba gunia moja. Akalilowesha ndoo nzima ya maji, akalifunga kwenye mdomo wa bloa, pale inapovuta hewa. Nusu saa haikupita mchanga ukauachia ukuta, Raiza ikapumua kama vile ni Mei.

Angeandika siku hiyo. Aliishika kalamu, hata. Lakini Daktari Njuguna, mhadhiri aliyekuwa akiisimamia mashine hiyo, aliingia na wageni wawili, akaliona gunia linachuruzika maji sakafuni.

"Mama Selpher," alisema, "hapa ni chuo ama ni shamba ya sukuma?"

Wageni walicheka, na Selpher akacheka pia, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya wageni hana jingine la kufanya. Alilifungua gunia akalitupa. Kesho yake, saa moja asubuhi, kabla mtu hajafika, alilirudisha. Bloa inakaa katika kijumba cha nyuma chenye kelele na vumbi, ambacho ufunguo wake anao yeye tu. Tangu siku hiyo alilifunga kila asubuhi kavu na kulificha kila jioni, na Daktari Njuguna akawa anawaambia watu kwamba mashine ile siku hizi imetulia.

Nzembi alikuja miaka minne baadaye. Alikuwa Mkamba kutoka upande wa Machakos, mrefu, mpole, ana sweta moja ya kijani aliyoivaa jua na mvua. Ufadhili wake ulikuwa wa miaka miwili kamili, usioongezwa hata wiki. Alitaka kujua hasa kile ambacho Selpher alikuwa amekiona akifuta kwa kitambaa: mchanga umejigawa vipi ndani ya bomba, kiasi gani kiko karibu na ukuta, kiasi gani katikati, na vishada vile vinakaa muda gani kabla ya kupasuka. Alikuwa na kipimo chembamba kama sindano ya kushonea magunia, chenye mwanga kwenye ncha, alichokipenyeza katika matundu ya pembeni mwa bomba, kikahesabu chembe zinazopita mbele yake. Alipima katika urefu wa namna tisa. Kila urefu alianzia ukutani, akasogea nusu kidole kwa nusu kidole mpaka katikati, akaandika, akavuta pumzi, akarudia.

Ndiye mwanafunzi wa kwanza aliyewahi kumwita Selpher aje aone kitu.

"Mama, hebu kuja. Unaona hii? Watu wanasema mchanga unapanda. Haupandi. Unapanda na unashuka. Ni vile ukijumlisha ndiyo unapata umepanda."

"Na hizi za ukutani?"

"Hizi ndizo nazitaka. Hizi ndizo watu hawaangalii."

Selpher alitamani kusema, mimi nimeziangalia miaka yote. Badala yake alimtania kwamba mchanga ule uliletwa na lori kutoka kwao Machakos, ndiyo maana unamsikiza, ni wa ukoo. Nzembi akajibu kwamba basi auambie ukoo wake uache kumwingia machoni. Tangu hapo wakawa wanagawana githeri ya Selpher saa saba mchana, wamekaa juu ya visanduku, Raiza imezimwa, mchanga umelala chini kama mtu aliyechoka.

Nzembi alipima kuanzia Novemba mpaka katikati ya Februari. Siku za mvua Selpher hakulifunga gunia, siku kavu alilifunga. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Alitaka Raiza imheshimu msichana yule. Mara mbili tatu alifikiri kumwambia, kisha akaona aibu. Mtoto huyu ana hesabu zinazojaza ukurasa mzima kwa alama za Kigiriki, wewe unakwenda kumwambia habari za gunia la miche?

Siku ya kuitetea tasnifu ilikuwa mwishoni mwa Februari, jua kali, hewa kavu kama karatasi. Mtahini wa nje alikuwa mzee mpole kutoka chuo kingine, na alikuwa ameomba kipimo kimoja kirudiwe mbele yake, apate tu kuona kwa macho. Jana yake Daktari Njuguna alikuwa amemwambia Selpher kwamba hataki takataka zozote katika kijumba cha nyuma, mgeni huyu anapenda kuzunguka kila mahali. Selpher alilitoa gunia. Alijiambia ni saa moja tu, mchanga hautakuwa umepata muda wa kuganda.

Lakini mzee alichelewa, na Daktari Njuguna akaagiza mashine iachwe inazunguka ili mgeni aikute hai. Ilizunguka kwa muda wa saa tatu. Nzembi alipoipenyeza sindano yake, namba iliyotokea ilikuwa mara tatu ya ile iliyo katika tasnifu. Akarudia. Ikatokea ile ile. Akarudia tena. Kila mtu chumbani aliweza kuliona tabaka, nene kama kidole, limeganda ndani ya bomba kutoka chini mpaka usawa wa macho.

Mzee aliuliza kwa upole mbona tabaka hilo halimo katika tasnifu. Nzembi akasema halikuwepo.

"Miezi minne hukuliona?" Daktari Njuguna aliuliza.

"Halikuwepo, daktari."

Daktari Njuguna aliitazama Raiza, kisha akageuka. "Mama Selpher, kuna kitu kimebadilishwa kwa hii mashine?"

Aliulizwa. Hilo ndilo ambalo miaka yote iliyofuata hakuweza kulizunguka. Mtu aliyenyamaza bila kuulizwa angeweza kujitafutia kisingizio, lakini yeye aliulizwa kwa jina lake, mbele ya watu watano, na Nzembi akamgeukia kwa macho ya mtu anayejua kwamba msaada umefika. Mkataba wa Selpher ulikuwa unamalizika Machi. Ivyne, binti yao, alikuwa kidato cha pili. Katika sekunde ile aliona wageni wale wawili wa zamani wakicheka, akaliona gunia linachuruzika maji.

"Hapana, daktari," alisema.

Nzembi hakufukuzwa. Aliambiwa kwa adabu zote kwamba vipimo vyake haviwezi kuaminika, aanze upya mwaka mwingine. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha Juni, kwa hiyo hakukuwa na mwaka mwingine wa kuanzia. Chuoni neno lilienea kwa kifupi, kama maneno ya namna hiyo yanavyopenda: yule alipika namba. Alhamisi alikuja kuchukua sweta yake iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango. Alisimama kidogo mbele ya Raiza.

"Mama, wewe ulikuwa hapa kila siku. Ulikuwa unaliona hilo tabaka?"

"Mimi ni wa kufuta tu, mami," Selpher alisema.

Nzembi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia, akatoka.

Selpher aliapa kusema mkataba ukishatiwa sahihi. Ulipotiwa, akajiambia, baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka alimpigia Nzembi simu, ikawa haipatikani, na ndani ya aibu yake akahisi nafuu, kisha akaionea aibu hiyo nafuu. Miaka minane ikapita. Kila Januari aliendelea kulifunga gunia, kwa sababu wanafunzi wengine walikuwa wanakuja na Raiza ilibidi ipumue. Mmoja wao alipongezwa kwa vipimo vyake vya kiangazi, safi ajabu. Selpher aliyasikia hayo akiwa anakunja waya, akajitia hamnazo.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, Zedekiah alirudi nyumbani, mtaa wa Mountain View, na habari. Watoto wa kule Lavington wametafutiwa mwalimu wa hesabu, anakuja Jumanne na Alhamisi mchana. Si kama wale wengine wanaopita na simu sikioni. Huyu anasimama, anauliza, anatazama jinsi maji yanavyotoka kwenye mpira wa kumwagilia. Siku hiyo alikuwa amemuuliza kwa nini matone ya pembeni yanaanguka mapema kuliko ya katikati. Zedekiah, kwa kutaka kujionyesha kidogo, akamwambia kwamba hata mke wake anafanya kazi na mashine ya kurusha mchanga, chuoni.

"Mama Ivyne, akaniuliza ni chuo gani. Halafu akaniuliza jina lako. Nikamwambia. Akasema nikusalimie."

"Anaitwa nani?"

"Nzembi."

Selpher aliuacha ugali ukapoa. Alimweleza yote, tangu mwanzo, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka minane ya kulala kitanda kimoja naye. Zedekiah alisikiliza akiwa ameshika bakuli la mboga, halafu akaliweka chini.

"Ni lile gunia langu?"

"Hilo hilo."

Aliziangalia kucha zake, zile ambazo udongo hautoki hata zisuguliwe vipi. "Basi enda umwambie," alisema. "Mimi siwezi kuwa nasalimiana na yule mtoto kila Jumanne nikijua."

Alhamisi hiyo Selpher aliomba ruhusa. Zedekiah alimpitisha kwa mlango wa pembeni, wakamngoja Nzembi nyuma ya jikoni, kwenye kamba za nguo, shuka za watu zikipepea katikati yao na ile nyumba kubwa. Nzembi alitoka akiwa na kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa na miaka thelathini na tatu sasa, amenenepa kidogo, na alipomwona Selpher uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililoumiza.

"Mama Selpher. Wewe huzeeki?"

Selpher hakuiacha furaha ile isimame hata dakika. Alijua akiiacha hatasema. Aliyasema yote kwa haraka, vibaya, akianzia mwisho: kwamba kuna kitu kilibadilishwa, kwamba aliulizwa akasema hapana, kwamba lilikuwa gunia.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Nzembi alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ile ile ya maabarani.

"Gunia gani?"

"La katani."

"Limelowa kiasi gani?"

"Ndoo moja, asubuhi. Mara nyingine naongeza saa sita."

"Kila siku?"

"Siku kavu tu."

"Siku zipi?"

Selpher alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Desemba tarehe kumi na mbili nilipima urefu wa sita," Nzembi alisema. "Jumatatu. Asubuhi kulikuwa na mawingu, mchana jua. Uliweka?"

"Sijui."

"Januari tarehe nne?"

"Sikuandika, mami. Sijui."

Shuka moja ilipepea ikamgusa Nzembi begani, akaitoa taratibu kama mtu anayetoa mkono wa mtoto. Alisema kwamba mwanzoni alijua hakuzipika namba zile. Mwaka wa kwanza alijua kabisa. Kisha, kwa kuwa watu wote wenye akili waliona tabaka na yeye peke yake hakuliona, alianza kufikiri labda lilikuwepo. Labda alikuwa akiandika huku amelala. Labda alilitamani jibu hata akaliona. Mpaka leo, akisahihisha hesabu ya mtoto wa gredi ya nane, anarudia mara tatu kabla ya kuweka alama ya vyema.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ile ya sweta nilikuuliza wewe, sikuuliza daktari. Ungeniambia hata pale mlangoni, ningepima wiki mbili tu nikiwa najua, na ingekwisha. Sasa unanipa gunia bila namba. Nifanye nini na gunia?"

Selpher alianza kuomba msamaha. Nzembi aliinua mkono, si kwa hasira. Mtoto alikuwa anamwita kutoka ndani, tichaa, tichaa. Aliichomoa kalamu sikioni, akaitazama kana kwamba amesahau ni ya nini, akaingia ndani. Selpher alibaki na shuka.

Kesho yake alipanda ngazi mpaka ofisi ya Daktari Njuguna, ambaye sasa ni mkuu wa idara, mvi zimemjaa na miwani inaning'inia shingoni. Alimweleza kwa utaratibu kuliko alivyomweleza Nzembi. Daktari hakumkatiza. Selpher alipomaliza, daktari alizungusha kiti akatazama nje, kwenye mapaa ya mabati ya maduka ya nyuma.

"Ungeniambia wakati ule, ningekufuta kazi," alisema.

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Najua. Na mimi sikwenda kuangalia bloa. Kijumba kiko pale, mlango ni mmoja. Miaka yote sikuwahi kujiuliza kwa nini mashine yangu peke yake Nairobi hii haijui kiangazi."

Alimwambia ukweli kuhusu mambo ya karatasi: usajili wa Nzembi ulikwisha muda wake zamani, shahada ile haiwezi kufufuliwa kwa maneno. Barua ya maelezo inaweza kutiwa katika faili lake, na ataiandika yeye mwenyewe, Selpher atie sahihi. Lakini barua ingesema tu kwamba kulikuwa na gunia. Isingesema gunia lilifanya nini. Halafu akafungua droo, akatoa ufunguo wa kabati la vipimo vya unyevu, akamsukumia juu ya meza bila kusema zaidi.

Januari hii, wanafunzi wakiwa bado likizoni, Selpher amekuwa akiiwasha Raiza peke yake. Asubuhi anaizungusha bila gunia mpaka tabaka ligande, anaipenyeza sindano ya mwanga, anaandika. Mchana analowesha gunia, anangoja nusu saa, anaandika. Mikono yake imewahi kuwashikia wanafunzi sindano hiyo mara elfu, lakini kusoma namba na kuiamini ni kazi nyingine. Siku ya kwanza alipima ukutani mara tisa kabla ya kuthubutu kuandika. Unyevu ukiwa chini, namba ya ukutani inakuwa mara tatu, karibu sawasawa na ile iliyotokea mbele ya mtahini. Gunia likilowa, inarudi mpaka ile ya Nzembi katika tasnifu, tofauti ndogo mno. Alipoiona mara ya kwanza alikaa juu ya kisanduku. Msichana yule alikuwa amepima vizuri hivyo. Alikuwa amepima vizuri kuliko mashine yenyewe ilivyostahili.

Wiki iliyopita alizipiga picha kurasa saba za daftari, akazituma kwa namba ya simu ambayo Zedekiah alimwombea. Hakuandika neno. Hakujua neno gani lingestahili kutangulia kurasa hizo. Alama mbili za kusomwa zikawa za buluu jioni ile ile, kisha kimya, siku moja, mbili, nne. Zedekiah alisema kwamba Jumanne mwalimu alikuja kama kawaida, akasalimia kama kawaida, hakutaja chochote.

Ujumbe umeingia leo, saa nne na dakika chache, Selpher akiwa juu ya ngazi na kitambaa mkononi. Hauna salamu.

"Ukurasa wa tatu hujaandika urefu kutoka chini. Na bloa ilikuwa kasi gani?"

Ameshuka, amelifungua daftari. Ni kweli, safu ya urefu iko tupu. Kwa muda ameitazama nafasi ile, akijaribu kukumbuka. Pengine lilikuwa tundu la nne. Karibu ana uhakika lilikuwa la nne, na namba moja ndogo ingeijaza nafasi hiyo na hakuna mtu duniani angejua.

Ameandika "sijui", ametia sahihi na tarehe, ameipiga picha ameituma. Halafu amekwenda kijumba cha nyuma kuiwasha bloa, apime tena tangu tundu la kwanza.